Kufuga kombe wa baharini ndani ya nyumba ukiwa Mbeya, hatua kwa hatua

Kutoka kwangu Uyole mpaka bahari ilipo ni zaidi ya kilomita 800 za lami, na hapa sebuleni nina kombe yuko hai huu mwaka wa tatu, kila asubuhi taa ikiwaka anafungua ganda taratibu na ile nyama yake ya bluu na kahawia inachomoza nje kama kanga iliyoanikwa. Watu wa huku juu wananiuliza sana inawezekanaje, wa Mbeya, Iringa, Njombe, Makambako, na kiukweli inawezekana ila maelekezo mengi yameandikwa kwa mtu anayekaa usawa wa bahari kwenye joto. Mtu wa Dar anahangaika maji yasichemke, we wa Uyole unahangaika maji yasipoe. Kwa hiyo nimeyaweka hapa yale ya huku kwetu, hatua kwa hatua, na sehemu ya joto nimeirefusha makusudi manake ndio inaua.

Kombe ninaowazungumzia ni wale wakubwa wa jamii ya Tridacna, wanaoishi kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Ile nyama ya rangi inayochomoza nje mimi naiita joho, na ndani ya joho wanaishi vimwani vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinatumia mwanga kutengeneza sukari kama jani la mhindi linavyofanya, afu sukari nyingi inaenda kwa kombe mwenyewe. Bibi mmoja jirani yangu alipomwona mara ya kwanza akaniuliza, "Mwanangu, huyu mdudu unamlisha nini?" Nikamwambia, "Bibi, huyu chakula chake kikubwa ni mwanga." Akavuta kigoda akakaa anamtazama karibu nusu saa, akapitisha mkono juu ya tenki na kombe akajikunja, bibi akashtuka. Ni kweli wanaona kivuli, pembeni mwa joho wana vijicho vidogo vidogo mamia, na hicho kitendo cha kujikunja ukipitisha kivuli utakihitaji baadaye kujua kama kombe wako ni mzima.

Hatua ya kwanza, tenki

Usianze na tenki dogo. Kuanzia lita 200 ndio maji yanatulia, chini ya hapo kila kosa dogo linakuwa kubwa. La kwangu nilichongesha kwa fundi wa vioo Mwanjelwa, urefu sentimita 90, upana 45, kimo 50, hiyo inakupa kama lita 200. Kioo cha milimita 10, usikubali cha 6 hata fundi akikwambia "bro hiki kinatosha, nimetengenezea watu wengi", wale wengi walikuwa wanafuga samaki wa maji baridi kwenye vitenki vidogo. Silikoni iwe ile safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, manake hiyo dawa ni sumu kwa viumbe wa baharini. Meza iwe ya chuma cha kuchomelea, imepakwa rangi vizuri kwa sababu chumvi inakula chuma, na ikae kwenye sakafu iliyonyooka. Maji, kioo na mawe kwa pamoja ni karibu kilo 300, sio kitu cha kuweka juu ya kabati la vyombo.

Chini ya tenki weka shiti ya stairofomu ya sentimita 2 au 3, na nyuma na pembeni pia, sababu nitaisema mbele.

Hatua ya pili, maji

Hapa ndipo kombe wangu wa kwanza alipofia. Mvua za Mbeya ni nyingi, nikaona maji ya mvua ni safi, hayana chokaa wala klorini, nikakinga kwenye bati nikawa naongezea kwenye tenki kila siku. Kombe alikaa siku tisa. Joho likaanza kurudi ndani, afu ganda likabaki wazi kabisa, afu asubuhi nikakuta harufu. Baadaye ndio nikaja kuelewa kwamba bati zetu zimepakwa zinki na maji ya mvua yanaiyeyusha kidogo kidogo, binadamu haimdhuru kwa kiwango hicho ila viumbe wa maganda wanaumia kwa kiasi kidogo sana cha zinki, na shaba ni mbaya zaidi. Kwa hiyo hamna maji ya bati, hamna maji yaliyolala kwenye bomba la shaba, hamna ndoo ya chuma. Vyombo vyote vya plastiki na viwe vya kazi hiyo tu, sio ndoo iliyofulia jana.

Maji ya bomba ya huku yanatoka milimani na ni mazuri kunywa, ila ndani yake kuna vitu ambavyo vitalisha mwani kwenye tenki. Unahitaji maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando na kuchuja karibu kila kitu kilichoyeyuka, na kama ina kile kichujio cha mwisho cha resini ni bora zaidi. Kama huwezi kununua mashine, pale mjini kuna wanaouza maji ya kunywa kwa ndoo na wengi wanatumia mashine hizohizo, we nenda na kipimo chako cha TDS mfukoni, hiki ni kadude kama kalamu kanakokuonyesha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji ni kiasi gani, pima palepale. Ikisoma 0 mpaka 5 beba, ikisoma 60 shukuru uondoke. Maji ya kunywa ya chupa mengi yameongezwa madini kwa ajili ya ladha kwa hiyo usidhani kwa vile ni ya chupa basi ni tupu.

Chumvi. Chumvi ya mezani, chumvi ya mawe, ile ya Uvinza, zote hazifai hata kidogo. Chumvi ya jikoni ni sodiamu kloraidi tu na iodini kidogo, wakati maji ya bahari yana kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na vitu vingine vingi, na kombe anajenga ganda lake kwa hiyo kalsiamu. Nunua chumvi ya akwariamu ya matumbawe, inakuja kwenye ndoo au mfuko, unatumia kama gramu 36 mpaka 38 kwa lita, kwa hiyo tenki la lita 200 kujaza mara ya kwanza ni kilo 7 na ushee. Koroga kwenye pipa la plastiki kwa pampu masaa 24 huku maji yakiwa na joto lilelile la tenki, afu pima chumvi kwa refraktometa, unataka 35 kwa elfu, au kwa kipimo cha uzito wa maji 1.025 mpaka 1.026. Kile kipimo cha kuelea cha plastiki kinadanganya, usikiamini.

Na hii watu wanaichanganya sana: maji yakipungua kwenye tenki, kilichoondoka ni maji, chumvi imebaki. Unaongezea maji matupu ya RO, sio ya chumvi. Kipindi cha Agosti mpaka Oktoba huku hewa ni kavu na upepo unavuma, tenki langu linapoteza lita 3 mpaka 4 kwa siku, ukiacha siku nne bila kuongezea chumvi inapanda na kombe anafunga. Ongezea kila siku kidogo, au weka kifaa cha kuongezea chenyewe.

Hatua ya tatu, joto

Kombe anataka nyuzi 24 mpaka 27, na anataka zisichezecheze. Mimi naweka 25.5. Sasa fikiria Juni na Julai, usiku nje inashuka chini ya nyuzi 10, sebule yangu alfajiri nimeipima ikasoma 12. Tofauti ya maji na hewa ni nyuzi 13 na zaidi, na maji yanapoteza joto usiku kucha kwenye kioo na juu. Ukisoma kwamba wati 1 kwa lita inatosha, ujue ni kwa nyumba yenye joto. Huku weka wati 1.5 kwa lita, yaani tenki la lita 200 unataka wati 300, na usinunue hita moja ya 300, nunua mbili za 150. Moja ikifa usiku nyingine inashikilia, na moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuchemsha tenki zima kabla hujaamka. Hita za kioo kwa kawaida zinakufa kwa njia mbili hizo, na ya pili ni mbaya zaidi. Kwa hiyo zote zipitishe kwenye kidhibiti cha joto cha nje, kile chenye kihisi chake, useti kizime umeme ikifika 26.5.

Hita zikiwaka nusu ya siku kwa wati 300 hiyo ni kama yuniti 3.6 za LUKU kwa siku, ongeza taa na pampu unafika 5 na kitu. Ndio maana nikasema stairofomu. Kabla sijaweka stairofomu nyuma, pembeni na chini, hita zangu zilikuwa haziachi kuwaka Julai, baada ya kuweka zinapumzika. Na juu funika kwa kioo au akriliki usiku, acha mwanya wa hewa, mchana ukiwasha taa ondoa.

Umeme ukikatika. Hii lazima uiplani kabla hujanunua kombe. Usiku mmoja wa Julai umeme ulienda saa mbili usiku ukarudi saa nane, masaa sita, na maji yakatoka 25.5 yakafika 21 na kidogo. Inveta ndogo haiwezi kubeba hita, inabeba pampu tu, na pampu ndio ya kwanza kuiokoa kwa sababu bila maji kuzunguka hewa inaisha. Kwa hiyo: pampu ya mawimbi kwenye inveta au kwenye betri, na kuwe na pampu ndogo ya hewa ya betri kwenye droo. Afu mablanketi, yale mazito ya Iringa, zungushia tenki lote mpaka chini. Afu chemsha maji kwenye gesi, jaza chupa za plastiki ngumu za lita moja na nusu ukishayaacha yapoe kidogo, funga vizuri, zielee kwenye tenki mbili mbili, unabadilisha kila baada ya nusu saa. Lengo sio kurudisha 25, lengo ni kuzuia isishuke zaidi. Umeme ukirudi acha hita zipandishe taratibu, usimwage maji ya moto humo.

Na jambo lingine la baridi ambalo halimo kwenye maelekezo ya ng'ambo, jiko la mkaa. Usiku wa baridi watu tunaingiza jiko ndani, tunafunga madirisha. Kwanza hiyo inaua watu, hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, naomba sana usifanye hivyo na watoto wamelala. Pili kaboni dayoksaidi ikijaa sebuleni inaingia kwenye maji na pH inashuka. Mimi nilikuwa nasoma pH 7.7 asubuhi sielewi kwa nini, mpaka nilipolihamishia jiko nje ndio ikarudi 8.1. Kombe anataka 8.1 mpaka 8.4.

Hatua ya nne, hewa

Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 80 na kidogo ya ile ya pwani. Maji ya bahari ya nyuzi 25 pale Dar yanaweza kushika oksijeni kama miligramu 6.8 kwa lita, hapa kwetu yanashika 5.5 hivi. Njombe yanashika kidogo chini ya hapo. Inatosha, ila akiba ni ndogo, kwa hiyo samaki wawe wachache na uso wa maji lazima utikisike muda wote. Elekeza pampu moja juu mpaka uone maji yanachemka chemka kama ya sufuria, na weka skima ya nguvu, ile inayotoa povu la uchafu, inasafisha na inaingiza hewa kwa pamoja. Mimi skima yangu haizimwi hata wakati wa kulisha.

Hatua ya tano, mwanga

Hapa usibane matumizi. Taa ya kawaida ya LED ya ukutani haitoshi, hata ziwe kumi. Nunua taa ya akwariamu ya matumbawe yenye nyeupe na bluu, na kama unaweza azima kipimo cha PAR, yaani mwanga ule ambao vimwani vinaweza kuutumia, kombe mwenye magamba mapana anayeitwa squamosa na yule laini derasa wanaridhika na 150 mpaka 250, maxima na crocea wanataka 300 na kuendelea. Masaa 9 mpaka 10 kwa siku, kwa taima, sio kwa kukumbuka. Jua la dirishani la huku ni kali kweli ila linahama, linapasha upande mmoja wa tenki na linaleta mwani kwenye kioo, mimi niliweka pazia.

Hatua ya sita, kusubiri

Hii ndio watu hawaitaki. Weka mchanga wa aragonaiti na mawe makavu ya kununua yenye matundu, usiende kuvunja matumbawe ufukweni, ni kosa kisheria na ni kuua nyumba ya viumbe wengi. Anzisha tenki kwa amonia au kwa kipande cha chakula, subiri wiki nne mpaka sita bakteria wanaoila hiyo amonia wakae, amonia ipande ishuke, nitraiti ipande ishuke. Weka samaki mmoja au wawili, clownfish wanafaa kabisa, na matumbawe laini ya bei nafuu. Afu subiri tena. Miezi sita ni kiwango cha chini, mimi sasa hivi ningemwambia mtu yeyote mwaka mmoja. Kombe mchanga kwenye tenki la miezi mitatu anakufa hata vipimo vikiwa vizuri, kwa sababu tenki jipya linabadilika kila wiki na yeye hana namna ya kukimbia.

Kabla ya kumnunua uwe umeona namba hizi kwa miezi miwili mfululizo bila kuyumba: kalsiamu miligramu 400 mpaka 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, KH (kipimo cha kaboneti kwenye maji) digrii 8 mpaka 9, amonia 0, nitrati kati ya 2 na 10, fosfeti 0.03 mpaka 0.1. Ona nitrati, usiwe na sifuri. Vimwani vya kombe vinahitaji naitrojeni kidogo, maji yaliyosafishwa kupita kiasi yanamfanya apauke.

Hatua ya saba, kumpata

Kombe wote wa jamii hii wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, maana yake hawavuki mpaka bila kibali. Wapo pia kwenye bahari yetu wenyewe, squamosa na maxima, lakini usiende kumng'oa kombe wa Mafia au wa Kilwa kwa vile umepata mvuvi rafiki. Huyo kombe ametumia miaka mingi kufika hapo, ndani ya hifadhi za bahari ni marufuku kabisa, na aliyeng'olewa mara nyingi ameshachanika chini na atakufa tu. Tafuta aliyezaliwa kwenye kituo, nchi za Pasifiki kama Palau wanawazalisha tangu miaka ya 1970, aje kwa muuzaji mwenye leseni ya uvuvi na karatasi zake. Mwambie, "Kaka, naomba kuona kibali kwanza." Akianza kuzungukazunguka achana naye. Ni ghali na utasubiri miezi, mimi nilisubiri mitano.

Chagua wa sentimita 6 mpaka 10, wadogo sana ni dhaifu. Kwa kuanza chukua squamosa, anavumilia na anakaa chini kwenye mchanga. Crocea anabaki mdogo kama sentimita 15 na rangi zake ni nzuri mno, ila anataka mwanga mkali na mkono uliozoea. Squamosa anaweza kufika sentimita 40 kwa hiyo ujue miaka ya mbele utahitaji tenki kubwa zaidi. Mwangalie dukani: joho limejaa mpaka linafunika ukingo wa ganda, ukipitisha mkono anajikunja haraka, tundu lake la kuvutia maji halijaachama kama mdomo wa mtu aliyechoka. Mwenye tundu limeachama usimnunue hata kwa nusu bei.

Usafiri. Ndege mpaka Songwe ndio bora, saa moja na kitu. Kama ni basi, mfuko mara mbili, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi la stairofomu lililofungwa kwa gundi. Usikubali liingie kwenye buti, kule kuna joto la injini mpaka Kitonga afu baridi kali kuanzia Mafinga na Makambako. Kata tiketi ya siti ya pili, weka boksi hapo. Konda wangu alianza kugoma, nikamwonyesha, akasema "haya mzee, huyu ni abiria", safari nzima akawa anawaambia watu wasiegemee.

Hatua ya nane, kumweka

Fika, zima taa za tenki, acha mfuko uelee dakika 20 mpaka 30 joto lilingane. Afu mtoe na maji yake kwenye ndoo, mdondoshee maji ya tenki kwa mpira mwembamba, matone mawili matatu kwa sekunde, mpaka maji yawe mara tatu ya mwanzo, kama saa moja. Julai ndoo inapoa haraka, weka ndoo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu.

Ukimtoa kwenye maji hewa inaweza kuingia ndani ya ganda na kubaki humo. Ukishamzamisha, mshike joho likitazama juu, mwinamishe taratibu huku na huku mpaka vipovu vitoke. Watu wanaruka hii.

Chini ya ganda kuna tundu na humo zinatoka nyuzi anazojishikia nazo. Usizivute kamwe. Ukivuta unachomoa tezi inayozitengeneza, anakufa baada ya siku kadhaa na hutajua kwa nini. Akiwa ameshika jiwe na unataka kumhamisha, kata nyuzi kwa wembe mpya karibu na jiwe, mbali na nyama. Squamosa muweke chini juu ya kipande cha jiwe bapa kilichozikwa kwenye mchanga ili ashike hapo, siku ukitaka kumhamisha unahama na jiwe lake. Maxima na crocea wanakaa juu ya mwamba. Maji yapite taratibu, joho liyumbe kidogo, pampu isimpulize moja kwa moja.

Wiki mbili za kwanza taa iwe asilimia 50 hivi, afu unapandisha asilimia 5 au 10 kwa wiki. Siku ya kwanza anaweza asifunguke vizuri, mwache. Usimguse guse kila saa kuona kama mzima, pitisha kivuli mara moja asubuhi inatosha.

Hatua ya tisa, chokaa ya ganda

Ganda ni kalsiamu kaboneti na anajenga kila siku, kwa hiyo KH na kalsiamu vinashuka. Pima KH kila baada ya siku mbili mwanzoni mpaka ujue inashuka kiasi gani. Njia ya bei rahisi ya kuirudisha KH ni baking soda ya kawaida ya dukani, ile tupu. Gramu 3 kwa kila lita 100 inapandisha kama digrii 1, iyeyushe kwenye maji ya RO kwanza, na usipandishe zaidi ya digrii 1 kwa siku. Soma paketi vizuri sana: baking powder sio baking soda, ile ina asidi na wanga. Magadi ya kupikia maharage nayo hapana, yana uchafu na fluoridi. Kalsiamu unarudisha kwa kalsiamu kloraidi ya akwariamu.

Au tumia maji ya chokaa, kalsiamu haidroksaidi safi ya daraja la chakula, kijiko kidogo kwa lita moja na kidogo ya maji ya RO, acha itulie, tumia maji maangavu ya juu tu na yadondoke tone tone usiku. Yanapandisha vyote viwili kwa pamoja na yanasaidia pH ya nyumba iliyofungwa kwa baridi. Yana pH ya 12, yanachoma, weka mbali na watoto, na usijaribu ile chokaa ya kupaka ukutani.

Hatua ya kumi, kumlinda

Kwa samaki naenda haraka: hapana kwa angelfish wakubwa, butterflyfish, trigger na bunju, wanamdonoa. Ndiyo kwa clownfish, chromis na goby wadogo.

Mwaka wa kwanza kagua usiku kwa tochi, masaa mawili baada ya taa kuzima. Kuna vikonokono vyeupe kama punje ya mchele iliyokatika, milimita 1 mpaka 3, vinatoka usiku vinajipanga ukingoni mwa ganda vinamfyonza. Mtoe, msugue ganda kwa mswaki mpya laini kwenye ndoo ya maji ya tenki, tafuta na vijimayai vyake, ni kama matone ya jeli, rudia kila siku mbili mpaka wiki mbili zipite. Usitumie dawa.

Dawa ya kupuliza mbu, rangi mpya ya ukuta, mafuta ya mgando mikononi, vyote viwe mbali na tenki. Nawa mikono kwa maji matupu kabla ya kuitumbukiza.

Na akibaki ameachama hajibu kivuli, mnuse. Kombe aliyekufa ana harufu ambayo huwezi kuikosea, mtoe dakika hiyohiyo na ubadilishe maji robo tenki, usisubiri asubuhi, amonia yake itachukua na samaki.

Mzima utamjua kwa ganda. Kwenye ukingo wa juu, pale joho linapoanzia, kunatokea mstari mweupe msafi, mpya, mwembamba kama uzi. Mimi nampima kwa rula kupitia kioo kila tarehe 1 ya mwezi naandika kwenye kalenda ya ukutani, na yule bibi jirani akija siku hizo hasemi hodi, anauliza kwanza ameongezeka ngapi.